Wifi, Ulikosea Kusoma

Siku ile darini kwa kina Mwanakombo
ulinitia pembe ya vugo mkononi
ukasema, "Haya fundi, tuamshe."
Nikapiga.
Mkono wa kulia ulikuwa mzito tayari,
kila pigo likiwa dogo kuliko lililotangulia,
lakini wewe hukuutazama mkono.
Ulitazama mguu wangu wa kushoto chini ya leso,
huu unaotetema mchana kutwa
kama kifaranga aliyefunikwa tenga,
ukauona umenyamaza.

Mdundo ulipokwisha, ukaanza tena.
Ukamnong'oneza Mwana Sitti:
"Mato yangu yameona. Yule hana kitu. Yuwajifanya."

Kufika alasiri neno lilikuwa Mkomani,
limepita vichochoro likijibana ukutani kumpisha punda,
limenitangulia nyumbani.
Kaka yako hakusema.
Alihesabu tu vidonge vyangu chupani
kama mtu anayehakiki chenji.

Mkono ulikuwa na jina: Pakinsoni.
Ukiwa na jina, watu hukuletea uji.
Mguu haukuwa nalo, basi ukapewa mengi:
kijicho, pepo wa kisimani, deko,
huzuni ya Mubaraka wangu aliyekwenda Jeddah asirudi.
Kila aliyekuja alinipapasa moyo
akitafuta fundo.

Dakta Nyevu alitoka Mombasa, kwa siku mbili tu.
Chumba kilinuka spiriti, feni mbovu.
Hakuniuliza habari za Mubaraka.
Aliushika mkono, akaukunja, akaukunjua,
akausikia unavyokwama, kidogo, na kidogo tena.
"Huu naujua," akasema.
Kisha akagonga meza: ta, ta-ta, ta.
"Nifuate kwa kidole."
Nikamfuata. Na mguu, wallahi,
ukaacha mwendo wake ukachukua wa meza.

Nikaona haya.
Nikasema kabla hajasema:
"Basi ni kweli. Najifanya."

Akavuta kiti.
Akaniuliza kazi yangu, nikamwambia nashona kofia za vito.
"Basi utanielewa," akasema.
"Uzi uliolika, umelika.
Wa mkono umelika; nitautia dawa, sitauponya.
Wa mguu ni mzima, ila umejifunga
mahali pasipo fundo, na hukulifunga wewe.
Vyote viwili hukaa katika kofia moja,
na kimoja hakikifanyi kingine uongo.
Sikugonga meza nikunase.
Nimegonga nijue pa kuanzia kulifungua."

Kwa hiyo, wifi Barke, hukukosea kuona.
Ulikosea kusoma.
Mimi pia.

Sasa baada ya alfajiri nameza cha mkono,
kisha nasimama ukumbini, kiganja ukutani,
napiga vugo la kichwani
na kuuhamisha uzito, mguu hata mguu.
Kuna siku watulia hadi saa nne.
Jana ulinitupa mbele ya duka la Abdulswamad;
vitunguu nimeviokota nikiwa nimekaa chini,
na kijana mmoja alinipita akitazama simu yake.
Mkono nao haungoji zamu.
Kofia ya mwezi huu ina tundu zilizopinda,
na mwenyewe bado sijamwambia.

Njoo. Usije na uji.
Njoo na kijiti, unipigie ninapochoka,
na kikombe changu kikimwagika
usiulize ni ugonjwa upi uliomwaga.
Chukua kitambaa.
Kiko msumarini, nyuma ya mlango.